Wikendi ndefu ng'ambo, na aliyebaki na ufunguo

Leo ni Dominika ya 5 ya Kwaresima, na najua baadhi ya wasomaji wangu hawako nyumbani. Kesho Jumatatu, tarehe 7 Aprili, ni Siku ya Karume. Kwa kuwa imegusana na Jumapili, wapo waliofunga ofisi pale Mtumba Ijumaa saa 9:30 alasiri wakaenda moja kwa moja stesheni, mkoba mmoja mgongoni. Huenda unasoma safu hii kwenye simu ukiwa Nungwi au Paje, mchanga miguuni. Karibu. Sina nia ya kukuharibia chai.

Nikumbushe tu, maana vijana wengi niliowauliza hawakujua, kwamba siku hii ni ya kumbukumbu. Tarehe 7 Aprili 1972 ndipo alipouawa Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar. Ni siku ya kufiwa ambayo kwa wengi imegeuka siku ya kuogelea, tena katika kisiwa chake mwenyewe. Silaumu. Hata Ijumaa Kuu nayo ni kumbukumbu ya kuuawa kwa mtu, na nimeona matangazo ya safari yanayoiita "mwanzo wa wikendi ya Pasaka".

Mwezi huu kalenda imekuwa na mkono wazi. Wiki tunayoimaliza ndugu zetu Waislamu wamesherehekea Idd el-Fitr. Kesho ni Karume. Ijumaa Kuu ni tarehe 18, Jumatatu ya Pasaka ni tarehe 21. Muungano, tarehe 26, umeangukia Jumamosi, na kwetu sikukuu ikiangukia siku ya mapumziko hatufidiwi. Lakini mtumishi mmoja kijana alinichorea hesabu kwenye karatasi ya bahasha ya zaka: ukiomba likizo ya siku nne tu, kuanzia Jumanne tarehe 22 hadi Ijumaa tarehe 25, unapata siku kumi mfululizo. "Baba Paroko," aliniambia, "siku kumi ni Dubai na kurudi, na hamu inabaki." Nilicheka. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na bahasha ilikuwa tupu.

Jambo hili ni jipya kwetu Dodoma, na lina sababu zake. Miaka michache iliyopita, mtu wa hapa akitaka kuvuka maji wakati wa sikukuu alianza kwa kukaa kwenye basi kilomita zipatazo 450 hadi Dar es Salaam, siku nzima ya safari, na siku nyingine nzima ya kurudi. Wikendi ya siku tatu iliishia barabarani. Julai 2024 treni ya umeme ya SGR ikaanza kufika Dodoma, na Agosti mosi Rais akaizindua rasmi. Sasa ni saa tatu na nusu hivi. Unaondoka hapa jioni, usiku uko Dar es Salaam. Asubuhi boti ya kasi inakushusha Unguja baada ya kama saa mbili, au ndege ya usiku inakufikisha Dubai kwa saa tano na ushei. Reli ile imefanya kitu ambacho hata waliohamishia makao makuu hapa hawakukipanga: imeusogeza mji wetu wa bara, wenye vumbi na miembe, karibu kabisa na bahari.

Kuna watakaosema Unguja si ng'ambo, ni nchi yetu. Kisiasa wana haki, na Muungano nauheshimu. Lakini mwulize mzee wa Bahi aliyezaliwa na kuzeeka akitazama mbuyu na ng'ombe kama akivuka bahari ile hajafika ng'ambo. Zamani ni sisi tuliopitiwa. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikata Ugogo katika karne ya 19, na wapagazi waliiogopa sehemu hii kwa sababu ya uhaba wa maji na kwa sababu watemi wa Wagogo walidai hongo. Neno hilo wakati ule lilimaanisha ushuru wa njia, limechafuka baadaye. Wageni walipita, sisi tukabaki na visima. Leo tumegeuka wapitaji.

Nisieleweke vibaya. Wanaosafiri si waheshimiwa wabunge peke yao, ingawa wiki hii wanarudi kwa Bunge la Bajeti na hoteli zitajaa tena. Ni walimu, wauguzi, maafisa wa kawaida, vijana wa benki, wafanyabiashara wa zabibu. Na mji huu una hali yake ya pekee: wengi wetu tumeletwa na kazi. Tangu mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia hapa kwa dhati, maelfu wameishi maisha ya nusu, mume Dodoma, mke na watoto Dar es Salaam au Mwanza. Ndiyo maana sikukuu ikifika mji unakauka. Mimi huuona ukame huo kwenye mabenchi ya kanisa. Mtu anayetumia wikendi ndefu kwenda kulala chumba kimoja na watoto wake, huyo hana haja ya kuniomba ruhusa. Namwomba tu awasalimie.

Safari ninayoizungumzia ni ile nyingine. Zamani safari ya sikukuu ilikuwa ya kwenda kwa watu. Wachagga hadi leo Desemba wanapanda mlima kwenda kuhesabiwa. Mgogo alikwenda kwao na kilo mbili za sukari, akakaa chini ya mti, akasikiliza kesi za ukoo na kutoa pesa ya dawa ya shangazi. Safari hiyo ilikuwa na mizigo ya kwenda na mizigo ya kurudi, na kusema kweli haikuwa mapumziko. Ulirudi kazini umechoka kuliko ulivyoondoka. Safari mpya inampeleka mtu mahali ambapo hakuna anayemjua, hakuna shangazi, hakuna mchango wa harusi, hakuna jumuiya inayomdai zamu. Analipa kitanda, anafunga simu, analala. Wazee wanasema huo ni ubinafsi. Mimi siwezi kusema hivyo haraka, kwa sababu Injili hainiruhusu.

Soma Marko sura ya 6. Mitume wamerudi kutoka kazini, wamechoka. Watu wanaingia na kutoka kiasi kwamba hata nafasi ya kula hakuna. Na Bwana mwenyewe ndiye anayetoa wazo: twendeni pembeni, mahali pasipo na watu, mpumzike kidogo. Wanapanda mashua, wanavuka. Ni safari fupi ya ng'ambo, wala hakuna aliyeambiwa kwamba ni uvivu. Mapumziko ni agizo. Kanuni ya 1247 ya Sheria za Kanisa, inayotudai Misa ya Dominika, inatudai pia tuache shughuli zinazozuia ibada, furaha na pumziko la mwili na akili. Mkatoliki anayejivunia kwamba hajapumzika miaka mitano hajivunii fadhila.

Lakini tusome hadi mwisho. Watu waliona mashua inakoelekea, wakakimbia kwa miguu kutoka miji yote, wakafika kabla yao. Picha hiyo naipenda. Wikendi ndefu ya mitume ilidumu muda wa mashua kuvuka tu. Waliposhuka, wale waliowakimbia walikuwa wamesimama ufukweni wakiwasubiri. Na Yesu hakukasirika, wala hakuamuru mashua igeuzwe. Aliwahurumia, akaanza kuwafundisha, na jioni wakalishwa.

Maandiko yana msafiri mwingine wa baharini, nabii Yona. Yeye alitumwa Ninawi, akateremka Yafa, akatafuta meli ya kwenda Tarshishi, upande mwingine kabisa. Mwandishi hakusahau kutaja kwamba alilipa nauli. Yona alilipa kila kitu kwa haki, hakudandia, hakudhulumu mtu, kisha akashuka chini ya meli akalala usingizi mzito. Ukimwona hapo utasema mtu huyu anapumzika. Kumbe waliokuwa wakifa kwa hofu na kutupa shehena baharini ni mabaharia, kwa sababu ya safari yake. Waswahili wa pwani wana msemo: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Yona alirejea.

Kwa hiyo kwenda si tatizo. Mimi mwenyewe nimevuka kwenda Unguja mara mbili pamoja na kwaya, na mara zote mbili bahari ilinifundisha unyenyekevu mbele ya waamini wangu, ndani ya mfuko wa plastiki. Wale nitawabatizia hata wajukuu lakini hawataisahau siku ile. Swali langu ni jingine: usingizi wako ukiwa mzito hivyo, ni nani yuko juu anatupa shehena?

Mwaka jana Pasaka iliangukia tarehe 31 Machi. Siku chache baadaye nilipokea ujumbe kwenye simu kutoka namba nisiyoijua. Uliniambia kwamba fulani, nikitajiwa jina lake lote matatu, ni mdaiwa sugu na tapeli, na kwamba mimi kama mtu wake wa karibu nimwambie alipe kabla ya saa 10 jioni. Alikuwa kijana wa kwaya yangu. Ujumbe huohuo ulikuwa umekwenda kwa bosi wake, kwa mama yake kijijini, kwa mchumba wake na kwa fundi wake wa pikipiki. Alikuwa amekopa kwenye simu ili akae siku nne ng'ambo na wenzake, akiamini mshahara utaziba. Mshahara ulikuja ukiwa na matundu yake mengine. Picha zake za ufukweni zilikuwa bado zinapata pongezi mtandaoni wakati mama yake, asiyejua kusoma, anatafuta mtoto wa jirani amsomee ujumbe.

Mikopo ile tunaiita kausha damu, na jina limetoka kwa waliokaushwa. Novemba mwaka jana Benki Kuu ilitangaza programu 69 za kukopesha kwenye simu zisizo na leseni. Ilikuwa hatua njema. Lakini programu haikumlazimisha kijana wetu. Alilazimishwa na macho ya wenzake. Niliketi naye, na hakuwa mtu mbaya. Aliniambia jambo ambalo sijalisahau: kwamba siku zile nne hakupumzika hata moja, kwa sababu kila alichokula alikuwa anakipigia hesabu.

Kinyume chake nawajua walimu wa shule moja ya msingi hapa mjini. Waliweka fedha kwenye mchezo wao mwaka mzima, kila mwisho wa mwezi, polepole. Wakaenda Unguja siku tatu, wakakaa nyumba ya wageni ya bei ya kawaida, wakala pweza, wakarudi bila deni. Na walimchukua mpishi wa shule, mama ambaye hakuwahi kuiona bahari. Mmoja alipendekeza, wengine wakakubali kumchangia. Waliporudi walinisimulia kuhusu huyo mama zaidi kuliko kuhusu Mji Mkongwe. Alionja maji ya bahari kwa kidole, akayatema, akasema maji yote haya na hayanyweki.

Nimekumbuka pia simulizi ya muumini mmoja aliyekwenda Dubai na mkewe wikendi moja ndefu. Katika ndege alikaa jirani na msichana kutoka Singida, jirani zetu. Msichana alikuwa na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki, ameushika kwa mikono miwili safari nzima. Hakujua kufungua mkanda. Alikuwa anakwenda kufanya kazi za ndani kwa miaka miwili. Ndege ileile, chakula kilekile, mmoja anakwenda kutandikiwa kitanda na mwingine anakwenda kutandika. Muumini wangu alisema walizungumza Kiswahili kidogo, kisha akaona aibu asiyoweza kuieleza, akavaa vifaa vya masikioni.

Aibu ile ilikuwa na maana. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wafanyakazi wa ndani Watanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu. Wengi waliohojiwa walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufanya kazi saa nyingi mno na kunyimwa siku ya kupumzika. Si waajiri wote wako hivyo, na wapo mabinti waliojengea wazazi wao nyumba. Hata hivyo, ukifika Dubai siku ya Pasaka na ukaitafuta Misa, kama inavyokupasa, utaelekezwa Parokia ya Mtakatifu Maria, ambayo kanisa lake la kwanza lilijengwa miaka ya 1960 juu ya ardhi iliyotolewa na Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum. Utawakuta Wafilipino, Wahindi wa Kerala na Goa, Waafrika wa kila upande, wamejaa hadi uani. Hao ndio waliokupikia na kukufulia hotelini. Walioko kanisani ni waliopewa ruhusa. Wenzao wako zamu.

Sasa tufike mahali ambapo sheria ya Mungu yenyewe inasema bila kuzunguka. Amri ya kupumzika imeandikwa mara mbili, katika kitabu cha Kutoka sura ya 20 na Kumbukumbu la Torati sura ya 5. Mara zote mbili haiishii kwa mwenye nyumba. Inataja mwanao wa kiume na wa kike, mtumwa wako na mjakazi wako, mnyama wako, na mgeni aliye malangoni mwako. (Mke hakutajwa, na akina mama hunibana juu ya hilo kila nikilifundisha. Nawajibu kama wanavyojibu wafafanuzi wengi, kwamba yumo ndani ya neno "wewe". Hawaridhiki.) Kumbukumbu la Torati linaongeza sababu: ili mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe, kwa kuwa wewe nawe ulikuwa mtumwa Misri. Kwa amri hii, siku yako ya kupumzika inapimwa kwa kumwangalia msichana wa kazi. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Dies Domini wa mwaka 1998, alitutahadharisha tusiichanganye Dominika na wikendi. Wikendi inaniuliza mimi nimechoka kiasi gani. Dominika inamuuliza pia aliyeko jikoni.

Na mwaka 2025 ni wa Jubilei. Baba Mtakatifu Francis alifungua Mlango Mtakatifu mkesha wa Noeli wa 2024. Wapo Watanzania wanaokwenda Roma kuhiji, na ni jambo la baraka. Lakini Jubilei ya kwanza, ile ya Walawi sura ya 25, haikuwa safari ya kwenda. Ilikuwa ya kurudi. Ardhi iachwe ipumzike, na aliyejiuza kwa sababu ya umaskini arudi kwa jamaa yake. Ndiyo likizo ndefu kuliko zote zilizomo katika Biblia, mwaka mzima, na wa kwanza kufunga mzigo kwenda kwao ni mtumwa.

Nimezunguka sana ili nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Katika Mkesha wa Pasaka wa mwaka jana nilikuwa na wakatekumeni wa kubatizwa, watu wazima wengi wao, waliosoma mafundisho zaidi ya mwaka mmoja. Baada ya moto, mshumaa na masomo marefu, katekista husoma majina, na kila mmoja husimama na kuitika "Nipo". Alifika kwenye jina moja, hakuna aliyeitika. Akarudia. Msimamizi wake wa ubatizo naye hakuwepo. Gauni jeupe lilikuwa limekunjwa juu ya benchi, na mshumaa wake ulibaki kwenye boksi.

Alikuwa binti wa kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, anafanya kazi za ndani hapa mjini. Nilidhani ameugua. Siku ya nne ndipo nikajua. Familia anayofanyia kazi, Wakatoliki wazuri, wanajumuiya, watu ambao jina lao liko kwenye ubao wa wafadhili wa ujenzi, walikuwa wamekwenda ng'ambo kwa Pasaka. Walimwachia nyumba, mbwa, kuku na mtoto mdogo aliyekuwa na mafua. Walimwachia ufunguo mmoja. Hakuwa amefungiwa. Alinieleza mwenyewe: lango lilikuwa linafunguka, lakini mtoto hakuwa na wa kumwachia. Kengele za Gloria alizisikia kutoka jikoni, kwa kuwa nyumba haiko mbali na kanisa.

Na msimamizi wake wa ubatizo alikuwa ni mama mwenye nyumba.

Sikusema haya ili tuokote mawe. Injili ya leo, Yohane sura ya 8, imetuonyesha wanaume wenye mawe mikononi na mwanamke mmoja katikati, na tunajua nani aliondoka wa kwanza: wazee. Mimi nina umri wa kuondoka miongoni mwa wa kwanza. Kwani familia ile iliporudi iliniletea tende na rozari nzuri ya mbao, nikapokea, nikawauliza hali ya hewa huko ilikuwaje. Sikuwauliza chochote kingine, kwa kuwa nilikuwa bado sijajua, na nilipojua niliona haya kwa sababu tende nilikuwa nimeshazila. Tena, nyumba ya mapadre nayo ina mpishi. Nimefika parokiani hapa miaka sita sasa, na kila Pasaka yeye ndiye anayekaanga maandazi ya wageni tangu alfajiri. Sijawahi kumuuliza mkesha alisali wapi.

Tunaofanya makosa haya hatukosi imani. Tunakosa kuhesabu. Tunapochora kalenda kwenye bahasha, siku nne za likizo, siku kumi za furaha, hatumhesabu aliye ndani ya nyumba kama mtu mwenye kalenda. Lakini sheria ya nchi inamhesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa kila mfanyakazi saa 24 za kupumzika kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na malipo mara mbili kwa saa anazofanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa. Hakuna kifungu kinachosema isipokuwa dada. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimtaja mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wake kwa Sh60,000 kwa mwezi, na hata hizo walikuwapo wasiozifikisha. Linganisha na nauli ya boti kwa watu wanne, kwenda na kurudi. Silinganishi ili mtu asiende. Naonyesha tu kwamba fedha ya kumlipa mtu wa kukaa na mtoto usiku mmoja, ili binti akabatizwe, ilikuwapo.

Ukulima nao una msimu wake. Aprili huku kwetu uwele na mtama bado viko shambani, mavuno ni Mei na Juni, na ghala la mama yake binti yule limebakiza vumbi. Ndiyo sababu yuko mjini. Pasaka ni moja ya siku chache ambazo angeweza kutumwa nyumbani na sukari kidogo na unga, akakaa chini ya mti, akasikiliza kesi za ukoo. Ile safari tuliyoichoka sisi, yeye anaitamani.

Alibatizwa Pentekoste, tarehe 19 Mei 2024, katika Misa ya pili, peke yake. Mama mwenye nyumba alisimama nyuma yake, mkono begani, akilia zaidi ya mbatizwa. Baadaye aliniambia kwa sauti ndogo kwamba hawakukusudia. Namwamini. Mwaka huu familia ile inakwenda tena, Jumatatu ya Pasaka mchana, baada ya Misa. Binti atakuwa ameshaondoka Jumapili kwenda kwao na nauli ya kurudi mkononi, na mbwa atalishwa na jirani. Kuku watajitegemea.

Mkesha wa mwaka huu ni Jumamosi tarehe 19, saa 2 usiku. Katekista ameniletea orodha jana. Katika majina yaliyomo, manne hayana anuani yao wenyewe. Mbele yake imeandikwa nyumba ya fulani. Wawili wako Kisasa, mmoja Ilazo, mmoja Area D. Wiki hii, kati ya Jumanne na Alhamisi, nitapita kwenye nyumba hizo nne jioni, mtu akiwa ametoka kazini. Ukiniona langoni usishtuke, sijaja kudai zaka.